Shahidi Mmoja na Vitabu Kumi: Kuhusu Makosa ya Utafiti, kwa Kurejelea Kisa cha Wachongaji wa Wamunyu

Utangulizi

Kila mwaka idara zetu za fasihi hupokea tasnifu ambazo sura yake ya pili huitwa "Yaliyoandikwa kuhusu Mada" na sura ya tatu "Mbinu za Utafiti". Sura hizi mbili ndizo zisomwazo kwa haraka kuliko nyingine zote, na yamkini ndizo ziandikwazo kwa haraka kuliko zote. Mtafiti hutaja hojaji, usaili, kinasa sauti na usomaji wa maktabani. Hueleza kwamba sampuli yake iliteuliwa kwa makusudi. Kisha huingia katika uchambuzi kana kwamba kutaja mbinu ni sawa na kuitumia. Mtahini naye, akiwa ana tasnifu nyingine sita mezani, hukubali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa kubwa la utafiti wetu halitokani na ukosefu wa mbinu. Linatokana na mazoea ya kutouliza ushahidi umetoka wapi na umepitia mikono ya nani kabla ya kutufikia. Hatutaorodhesha makosa yote yanayojulikana, kwani orodha za namna hiyo zimejaa katika vitabu vya mbinu na wanafunzi huzikariri bila ya kufaidika nazo. Tutafuata kisa kimoja tu, yaani masimulizi ya jinsi uchongaji wa vinyago ulivyofika Wamunyu. Kisa hiki kimeteuliwa kwa sababu kinajulikana sana, na pia kwa sababu mwandishi wa makala haya aliwahi kukiandika visivyo.

Kisa chenyewe

Wamunyu ni soko lililoko Mwala, katika kaunti ya Machakos, kando ya barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui kwa njia ya Masii. Jina lake limeenea mbali kupita ukubwa wake kutokana na kazi za wachongaji wake: twiga, vifaru na simba, wapiganaji wenye mikuki, bakuli na vijiko, vilivyochongwa kwa mpingo, muhugu na, katika miaka ya karibuni, kwa miti kama mwarobaini na mjakaranda. Wachongaji hao wana chama chao cha ushirika, na kazi zao huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Anayeuliza uchongaji huu ulianzaje hupewa jibu moja. Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alichukuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akapelekwa kusini, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Huko aliwakuta watu wanaochonga vinyago na kuviuza. Alijifunza kazi hiyo, na vita vilipokwisha alirudi kwao akaanza kuchonga. Katika baadhi ya masimulizi aliificha siri hiyo kwa muda, akiwafunza jamaa zake tu. Baadaye ikaenea kijijini, na kutoka kijijini ikaenea nchi nzima.

Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, umbo la kisa hiki halina ugeni wowote. Kuna kuondoka nyumbani kwa kulazimishwa, kuna nchi ya mbali yenye hatari, kuna kitu cha thamani kinachopatikana huko, kuna kurejea, kuna siri inayolindwa na hatimaye kufichuka. Tukikisoma kando ya hekaya nyingi za mashujaa waletao moto, mbegu au ngoma kutoka kwa wageni, tunaona kwamba kimepangwa kwa kaida zile zile. Hili halina maana kwamba ni cha uongo. Munge ni mtu wa kweli, na vita vilikuwa vya kweli mno kwa Wakamba, ambao walichukuliwa kwa wingi katika kikosi cha wapagazi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu za kikosi hicho. Hata hivyo, tukio la kweli likishaingia katika umbo la kisa hupunguzwa hapa na kuongezwa pale ili lienee katika umbo hilo. Kazi ya kwanza ya mtafiti ni kutenganisha lile lililotokea na lile linalodaiwa na umbo. Na hii ni kazi ambayo mwanafasihi, kuliko mwanahistoria au mwanauchumi, ndiye aliyefunzwa kuifanya. Inasikitisha kwamba ndiye aiachaye.

Msururu wa marejeo

Tuangalie kwanza jinsi kisa hiki kinavyothibitishwa. Katika maandishi mengi yanayokitaja, mwandishi huweka kwenye mabano jina la mwandishi aliyemtangulia. Ukimfuata huyo wa pili unakuta anamtaja wa tatu. Na ukimfikia wa tatu unakuta hana rejeo lolote, au anasema tu kwamba "inaaminika". Tasnifu inayoorodhesha vitabu kumi juu ya jambo hili huonekana kuwa na mashahidi kumi. Ukweli ni kwamba ina shahidi mmoja, au wawili, ambao sauti yao imerudiwa na wenzao wanane.

Maandishi ya kitaaluma ya zamani ambayo hutajwa mara nyingi kuhusu uchongaji wa Wakamba ni makala ya Walter Elkan yaliyochapishwa mwaka 1958 katika jarida la Africa. Elkan alikuwa mwanauchumi, na makala yake yahusu biashara ya vinyago katika Afrika Mashariki. Neno "biashara" limo katika anwani yenyewe. Kwa mwanauchumi, mwanzo wa jambo ni mwanzo wa kuuzwa kwake. Hakuna kosa katika hilo. Kosa huja pale msomaji wa baadaye, ambaye huenda hajayaona makala hayo bali ameona jina lake katika orodha ya marejeo ya mtu mwingine, anapochukua mwanzo wa biashara na kuufanya mwanzo wa sanaa. Kutoka "Munge ndiye aliyeanza kuuza" mtu huvuka hadi "Munge ndiye aliyeanza kuchonga", na kutoka hapo hadi "Wakamba hawakuwa na uchongaji kabla ya 1918". Kila hatua inaonekana ndogo. Ukizijumlisha zote tatu, taifa zima limenyang'anywa sehemu ya historia yake, na hakuna mwandishi hata mmoja anayeweza kushtakiwa kwa wizi huo.

Sasa tuingie katika jambo ambalo marejeo hayo hayakubaliani. Ni nani waliomfunza Munge? Maandishi mengine yasema ni Wamakonde. Mengine yasema ni Wazaramo. Waandishi wengi hupita hapa bila ya kusimama, kama kwamba ni tofauti ya tahajia. Lakini Wazaramo ni wenyeji wa pwani ya Dar es Salaam na viunga vyake, na Wamakonde ni watu wa nyanda za juu za kusini, pande zote mbili za mto Ruvuma. Kutoka kwa hao hadi kwa hawa ni safari ndefu, na katika vita ilikuwa pia safari ya wakati. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Mapigano yalihamia upande wa Lindi katika mwaka 1917. Vita vikali vya Mahiwa vilipiganwa Oktoba mwaka huo, na Novemba jeshi la von Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma. Kwa hiyo mtu aliyekuwa katika msafara wa jeshi la Waingereza angeweza kuwakuta Wazaramo, au Wamakonde, au wote wawili kwa zamu. Swali hili halijibiwi kwa kuhesabu vitabu vinavyosema hivi na vinavyosema vile. Linahitaji kumbukumbu za vikosi, na linahitaji kulinganishwa kwa kazi za mwanzo za Wamunyu na kazi za pande zote mbili.

Hapa naomba nitoe nadharia tete, nikisisitiza kwamba ni nadharia tete tu. Jina la Wamakonde lilivuma katika soko la vinyago tangu miaka ya 1950, wakati wachongaji waliotoka kusini na Msumbiji walipokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam na wafanyabiashara wakaanza kuzisambaza kazi zao. Kufikia miaka ya 1970, mtu akitaja kinyago cha mpingo popote duniani, husikika neno "Makonde". Je, haiwezekani kwamba katika kusimuliwa na kusimuliwa tena jina lenye sifa limelimeza jina lisilo na sifa? Wasimulizi wa kila jamii hufanya hivyo: beti ambazo mtungaji wake hajulikani hupewa mtungaji maarufu, na washairi wa pwani wanalijua jambo hili vyema. Ikiwa dhana hii ina ukweli, basi zile kumbukumbu zitajazo Wazaramo, ingawa ni chache, huenda ndizo zilizo karibu zaidi na tukio, kwa sababu hakuna aliyekuwa na faida ya kuwabuni. Nasema "huenda".

Nitaje pia jambo dogo linalofaa kumkera mtahini. Takriban kila anayekisimulia kisa hiki husema Munge alipelekwa "Tanganyika". Wakati wa vita hapakuwa na nchi iliyoitwa hivyo. Jina hilo lilipewa koloni mnamo 1920, chini ya Waingereza. Katika mazungumzo hakuna ubaya wowote. Katika tasnifu ni dalili kwamba mwandishi amenakili bila ya kufikiri tarehe.

Kiti

Nilipokwenda Wamunyu kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nina kinasa sauti cha kuazima na hojaji ya maswali ishirini na mawili. Swali la kwanza lilikuwa: "Ni nani aliyeleta uchongaji hapa?" Mzee niliyekuwa nimeelekezwa kwake alinijibu kwa ufasaha mkubwa. Alinipa kisa kizima, tangu kuchukuliwa kwa vita hadi siri kufichuka, bila ya kusita wala kujirekebisha. Nilifurahi. Niliandika katika tasnifu yangu kwamba nimethibitisha nyanjani yale niliyoyasoma maktabani, na mtahini wangu akaweka alama ya vyema pembeni.

Miezi mingi baadaye, nikiwa nanukuu kanda hiyo upya kwa ajili ya makala, niliona kwamba sentensi tatu za mzee zilifanana, neno kwa neno, na sentensi za kijikaratasi fulani walichokuwa wakipewa wageni. Nilirudi kumwuliza. Hakuona haya hata kidogo. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wewe uliniuliza lile ambalo wageni wote huuliza. Nikakupa lile ambalo wageni wote hupewa. Kwani ulitaka nini?"

Wataalamu wa mapokeo simulizi wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi. David Henige, katika uchunguzi wake wa mapokeo ya Wafante wa Ghana mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha jinsi yaliyoandikwa na wageni yanavyorudi katika vinywa vya wenyeji, kisha mtafiti mwingine huja kuyachota na kuyaita mapokeo ya kale. Nilikuwa nimemsoma Henige kabla ya kwenda Wamunyu. Nilikuwa hata nimemtaja katika sura yangu ya mbinu. Niliamini kwamba onyo lake liliwahusu watu wa Ghana.

Katika ziara hiyo ya pili sikutoa hojaji. Niliona aibu kuitoa. Tulikaa, tukazungumza juu ya mvua na bei ya mbao, na kwa kuwa sikuwa na swali lolote la maana nikamwuliza mzee baba yake alikuwa akikalia nini. Aliingia ndani akatoka na kiti kidogo cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja, kikalio chake kikiwa kimetiwa nakshi ya waya mwembamba wa shaba. Akaniambia ni cha babu yake, na kwamba aliyekichonga alikuwa jirani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia habari za kiti hiki mara ya kwanza. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mzito. Akasema, kile ni kiti, na mimi niliuliza juu ya vinyago.

Viti vya namna hiyo vimo katika makumbusho kadhaa ya Ulaya, na vilikusanywa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mswidi Gerhard Lindblom aliishi Ukambani kabla ya vita hivyo tunavyovizungumzia, na kitabu chake juu ya Wakamba, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1916, kinaeleza maisha yao pamoja na kazi zao za mikono. Ushahidi kwamba mikono ya Wakamba ilijua kuchonga, kutia nakshi na kuchora vibuyu kabla ya Munge kwenda vitani haujafichwa popote. Umekaa maktabani. Hatukuuona kwa sababu tulitafuta "vinyago", yaani kile ambacho mnunuzi wa kigeni alikiita sanaa, na kiti hakikuwemo katika neno hilo. Kategoria ya swali ndiyo iliyozaa jibu.

Athari yake si ya maktabani peke yake. Kwa kuwa imeaminika kwamba kazi ya Wamunyu haina mizizi, kazi hiyo imewekwa katika fungu la "sanaa ya kitalii", nalo ni fungu ambalo wahakiki wengi hulitazama kwa dharau. Mchongaji hutajwa kwa kabila lake badala ya jina lake. Wenye mapenzi mema, kama Bennetta Jules-Rosette katika kitabu chake cha 1984 juu ya sanaa ya watalii, wamejaribu kuonyesha kwamba sanaa hiyo nayo ina ujumbe na kaida zake. Na Sidney Kasfir, mwaka 1992, alihoji dhana yenyewe ya "uhalisi" ambayo kwayo sanaa ya Afrika hupimwa. Lakini katika tasnifu zetu bado mtu anaandika ukurasa mmoja juu ya Munge, kisha anahitimisha kwamba uchongaji wa Wakamba "umeazimwa". Vijana wa Wamunyu nao huenda shule, husoma hayo, hurudi nyumbani na kuwaeleza wazee wao.

Kutoka Ukambani hadi Afrika nzima

Ukambani umetupatia mfano mwingine wa kosa la utafiti, na huu ni maarufu duniani. Marehemu John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alikuwa mtafiti hodari wa fasihi ya kwao. Aliandika kwa Kikamba kabla ya kuandika kwa Kiingereza, na mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba, uliotoka 1966, ungali na thamani kubwa kwa kuwa ni kazi ya mtu aliyeijua lugha tangu utotoni. Lakini katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alitoa dai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali katika fikira zake. Ushahidi wa dai hilo ulikuwa jedwali la nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu. Majina aliyozipa sehemu mbili za wakati, "Sasa" na "Zamani", aliyatoa katika Kiswahili.

Yapo makosa matatu hapa, na yafaa yatenganishwe. Kwanza, lugha mbili zilizo jirani zimesemeshwa kwa niaba ya bara zima; Kwame Gyekye wa Ghana alilijibu hili mwaka 1987 kwa kutumia ushahidi wa Kiakan. Pili, kategoria ya sarufi imechukuliwa kuwa kategoria ya fikira, jambo ambalo mwanaisimu yeyote angelitilia shaka. Kosa la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Kiswahili, nalo halizungumzwi sana: maneno ya lugha ya tatu yametwikwa maana ambazo wasemaji wake hawakuzipa. Mswahili asemapo "zamani" hana maana ya bahari ya wakati inayomeza kila kitu. Wanafunzi wetu, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kazi, humnukuu Mbiti kana kwamba anaeleza Kiswahili.

Nakiri kwamba nilipokuwa Wamunyu nilijaribiwa kumjibu Mbiti kwa njia ya mkato. Wachongaji walikuwa wakizungumzia muhugu, mti ambao hukua polepole sana na ambao umeadimika kwa kukatwa, na mmoja wao akataja miche aliyoipanda kwa ajili ya wajukuu. Nikaona nimepata jibu: mtu apandaye mti kwa wajukuu ana wakati ujao! Niliandika aya nzima. Kisha nikaifuta, kwani mtu mmoja na miche yake hawezi kuwa ushahidi wa fikira za Wakamba, kama vile jedwali la vitenzi halikuweza. Ningekuwa nimemkosoa Mbiti kwa kosa lake mwenyewe. Ni aina ya kosa ambalo hutufurahisha tunapolitenda, kwa kuwa jibu linakwenda upande wetu.

Majina ya mahali, na wasioulizwa

Nitaje kwa ufupi jambo ambalo limeharibu zaidi ya tasnifu moja. "Machakos" katika maandishi ya kabla ya 1992 si Machakos ya leo. Mwaka huo Makueni ilitengwa kuwa wilaya yake, na tangu 2013 zote ni kaunti. Mtafiti anayechukua hesabu ya watu, ya shule au ya wachongaji wa "Machakos" katika kitabu cha miaka ya 1980 na kuilinganisha na hesabu ya sasa analinganisha maeneo mawili tofauti, na anaweza kuandika kwamba watu wamepungua ilhali ni mipaka iliyohama. Inatosha kuangalia ramani ya mwaka husika.

Jambo zito zaidi ni lile la wasioulizwa. Nimepitia maandishi yangu yote ya ziara ya kwanza, na katika wasailiwa kumi na mmoja hamna mwanamke hata mmoja. Niliambiwa uchongaji ni kazi ya wanaume, nami nikaona jambo limekwisha. Kumbe katika ua ule ule niliokaa nikisikiliza kisa cha Munge, wanawake walikuwa wakisokota nyuzi za katani na kusuka vyondo. Mmoja wao alileta chai mara mbili. Alikuwa binti wa mzee. Sanaa ya Wakamba iliyokuwa mbele ya macho yangu, yenye historia yake, wafunzi wake na soko lake, haikuingia katika kanda kwa sababu haikuwemo katika mada. Sisemi kwamba kila tasnifu lazima ieleze kila kitu. Nasema kwamba mipaka ya mada hatukuichora sisi. Tuliirithi kutoka kwa mnunuzi, kisha tukaiita mipaka ya kitaaluma.

Siku hizi mtafiti nchini Kenya hulazimika kupata kibali cha NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na fomu za ridhaa za wasailiwa zimekuwa jambo la kawaida. Haya ni maendeleo. Lakini kuna wajibu mmoja ambao haumo katika fomu nyingi, nao ni kuwarudishia watu maneno yao. Katika ziara ya tatu nilipeleka Wamunyu unukuzi wangu wa Kikamba pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Mzee alikuwa amefariki. Binti yake, yule wa chai, alikaa nao tangu asubuhi hadi adhuhuri, akisoma kwa sauti, na mara kwa mara akisimama kucheka pale aliposikia baba yake akisema.

Alipofika kwenye kisa cha Munge alisimama, lakini hakucheka. Katika tafsiri yangu niliandika kwamba Munge, alipokuwa huko vitani, "alijifunza kuchonga". Akaniuliza neno hilo nimelipata wapi. Tukarudi kwenye unukuzi, kisha tukaisikiliza kanda. Kitenzi alichotumia mzee kilikuwa kile cha kwona, yaani kuona: Munge aliwaona watu wakichonga na kuuza. Hakusema popote kwamba alifunzwa. Neno "alijifunza" nilikuwa nimelitoa vitabuni, na nilikuwa nimelisikia katika sauti ya mzee kwa sababu nilikuja nalo.

Binti huyo akaniuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo, na ambalo naliacha hapa kwa yeyote atakayekwenda Wamunyu baada yangu. Ikiwa Munge aliona tu, basi mkono wake ulikuwa umefunzwa na nani? Alitaja jina la yule jirani aliyechonga kile kiti. Nililiandika, na safari hii nilimwuliza anisomee nilivyoliandika.